Uzi Unatatizika Chini ya Nguo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nashona Langoni, hapa Lamu, na haipiti wiki bila mtu kubisha hodi na kipande cha nguo ambacho upande wa chini kimejaa uzi kama kiota cha ndege. Siku za kuelekea Idi, na zile za Maulidi ya Mfungo Sita, hodi huzidi hata nikakosa kukaa kwenye kazi yangu mwenyewe. Nimeyakusanya maswali kama yalivyoulizwa, na kuyajibu kama ninavyoyajibu barazani. Yanahusu cherehani ya nyumbani inayoshona kwa nyuzi mbili, ya juu na ya chini, iwe ya mkono, ya miguu au ya umeme.

Chini ya nguo uzi umejazana, lakini juu mshono ni mzuri. Bobini imeharibika?

Hapana. Karibu kila mara kosa liko juu. Ningependa kila anayenunua cherehani aambiwe jambo hili kabla hajaitoa kwenye sanduku, kwa sababu linapingana na macho. Mtu anaona uzi umejaa chini, basi mkono wake unakwenda chini, anaanza kuchokoa kikasha cha bobini, ile rili ndogo ya uzi wa chini, ambacho hakina kosa lolote, na akimaliza ana matatizo mawili badala ya moja.

Tazama kinachotendeka. Sindano inashuka na uzi wa juu, na ikianza kupanda inaacha kitanzi kidogo nyuma yake. Ndoana inayozunguka huko chini inakidaka kitanzi hicho, inakipanua na kukivusha juu ya bobini nzima. Kitanzi hakiwezi kuizunguka bobini nzima bila kupewa uzi mrefu, mrefu kuliko ule utakaobaki kwenye nguo. Ile ziada lazima irudishwe juu. Kinachoirudisha ni ule mkono wa chuma unaopanda na kushuka mbele ya cherehani, ukisaidiwa na visahani viwili vinavyoubana uzi. Ikiwa uzi haukupita kwenye mkono huo, au haukuzama baina ya visahani, hakuna cha kuivuta ziada ile. Inabaki chini. Tundu la pili linaongeza nyingine, la tatu nyingine, na kabla hujashona upana wa kiganja una kiota.

Elias Howe aliuwekea hataza mshono huu kule Marekani mwaka 1846, na cherehani ya plastiki iliyoshuka jana kwa mashua kutoka Mokowe bado inafanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Kwa hivyo ninayoyasema hapa yanaifaa na ile ya bibi yako.

Nimetunga uzi upya mara tatu na bado. Nakosea wapi?

Yamkini ulitunga huku mguu wa kubana nguo ukiwa chini. Mguu ukishuka, visahani hufunga. Uzi basi hupita juu ya midomo yake, ukautazama unaona umekaa mahali pake, kumbe hauko ndani.

Toa uzi wote, usianzie katikati. Inua mguu. Zungusha gurudumu kuja kwako mpaka mkono wa uzi ufike juu kabisa. Katika cherehani nyingi za siku hizi mkono huu umefichwa nyuma ya kifuniko, na usipokuwa juu uzi unaupita bila kuugusa, wala huoni. Sasa tunga, na ukifika kwenye visahani shika uzi pande zote mbili, uvute kidogo mpaka uhisi umezama.

Kisha jaribu hivi. Mguu ukiwa bado juu, vuta uzi karibu na sindano: unakuja mwepesi. Shusha mguu, uvute tena: sasa unagoma, na sindano inataka kupinda. Ukiona hakuna tofauti, uzi haumo. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalofanya kwa kila cherehani inayoletwa kwangu, hata kama mwenyewe ameniapia kwamba ametunga sawasawa. Ikiwa umetunga vizuri na bado uzi haugomi, huenda kuna kipande cha uzi wa zamani kilichonasa baina ya visahani na kuviacha wazi. Inua mguu, upitishe ukingo wa kitambaa chembamba mara mbili tatu, kitatoka.

Nguo imeng'ang'ania, gurudumu halizunguki. Nivute?

Usivute, na gurudumu usilitie nguvu.

Usiku mmoja wa kuamkia Idi waliniletea cherehani nzima, imebebwa na vijana wawili, na dera la binti wa jirani linaning'inia kwenye sindano. Walikuwa wamelivuta mpaka sindano imepinda kama ya kuvulia changu. Tulifanya hivi. Niliukata uzi wa juu karibu na sindano, nikainua mguu, nikalitikisa gurudumu kidogo, mbele na nyuma, upana wa kidole tu, mpaka sindano ikapanda. Nikailegeza nikaitoa. Nikapenyeza mkasi mwembamba chini ya dera, ukiwa umelala juu ya bamba la chuma, nikakata uzi ule uliosongamana, si kitambaa. Dera likatoka zima. Uchafu wa nyuma ya mshono tuliufumua baadaye kwa utulivu, uzi mmoja mmoja.

Kazi ilikuwa haijaisha, na hapa ndipo wengi hukosea: nguo ikishatoka wanatunga na kuendelea. Ndani ya nyumba ya ndoana huwa kumebaki vipande. Kwa cherehani yenye kikasha cha chuma kinachoingia ubavuni au mbele, toa kikasha, kisha fungua vile vibanio viwili vya kushoto na kulia. Pete itatoka, na ndoana nyuma yake. Piga picha kwa simu kabla hujagusa kitu. Toa kila uzi unaouona, pangusa kwa mswaki mkavu wa zamani, tia tone moja la mafuta pale ndoana inapozungukia. Wakati wa kurudisha, utaona ndoana ina umbo la mwezi mchanga na mle ndani kuna kipande kingine kama hicho: kimoja hujaza nafasi ya kingine. Vikikutana vizuri pete hukaa bila kulazimishwa. Zungusha gurudumu kwa mkono mara kadhaa kabla ya kutia sindano mpya.

Cherehani ya umeme ichomolewe ukutani kabla ya hayo yote. Kidole kimoja cha mguu kikigusa kikanyagio bila kukusudia, sindano haingoji.

Ya kwangu ni ya miguu. Nikianza tu, uzi hujisokota au hukatika. Ya umeme ya dada yangu haina shida hiyo.

Ya dada yako huzungushwa na mota upande mmoja tu. Yako inaweza kuzunguka pande zote mbili. Ukikanyaga kibao kabla ya kulianzisha gurudumu kwa mkono, mara nyingine hurudi kinyume, na likirudi hata nusu mzunguko ndoana huuparamia uzi badala ya kuudaka. Mtu anasema cherehani mbovu, kumbe ni mguu ambao haujazoea.

Toa uzi, inua mguu wa kubana nguo, weka mkono wa kulia kwenye gurudumu, ulivute kuja kwako, na hapo tu ndipo miguu ifuate. Rudia mpaka miguu ijue yenyewe. Kisha chukua karatasi yenye mistari, ushone juu ya mistari bila uzi, ukisimama na kuanza, ukisimama na kuanza. Kusimama ndiko kugumu. Mimi nilishona karatasi wiki mbili kabla sijaruhusiwa kugusa leso ya mtu, na wiki mbili zile zimenifaa kuliko mafunzo yote niliyopata baadaye.

Uzi unajikusanya mwanzo wa mshono tu, halafu unakuwa sawa.

Ncha zako ni fupi au umeziachilia. Acha urefu wa kama sentimita 10 kwa uzi wa juu na wa chini, zote zipite chini ya mguu na kuelekea nyuma. Zishike kwa vidole mpaka sindano ishuke mara tatu, kisha ziachilie. Anza mkono wa uzi ukiwa juu, na umalize ukiwa juu.

Bobini si zote ni sawa? Ile niliyonunua inaingia vizuri tu.

Kuingia si kukaa. Bobini iliyozidi unene kidogo tu, au yenye mgongo mahali pa bapa, hucheza ndani ya kikasha: mara inaachia uzi, mara inaukaza. Nenda dukani na ile ya zamani mfukoni, uzipange ubavu kwa ubavu ulinganishe.

Kuna na namna ya kuijaza. Watu wengi wanaizungushia kwa kidole, au wanasahau kuupitisha uzi kwenye kile kisahani kidogo cha kujazia, na bobini inatoka laini kama sifongo. Uzi wa namna hiyo ukivutwa, tabaka la juu huzama katikati ya mengine na kujinyonga. Bobini iliyojazwa vizuri ni ngumu ukiifinya, tena imelingana kutoka ukingo hadi ukingo. Usiijaze ikafurika, wala usijaze rangi mpya juu ya mabaki ya rangi ya zamani.

Ukiitia kwenye kikasha, uzi uingie kwenye ule mwanya na kupita chini ya springi, ukijipinda kurudi kule ulikotoka. Ukiingia moja kwa moja bila kujipinda, umeigeuza bobini. Kikasha nacho kinapokaa mahali pake husikika kikisema "tik". Usiposikia, kitoe ukirudishe, maana kikianguka sindano ikiwa inashuka utavunja vyote viwili.

Sindano bado haijavunjika. Kwa nini nibadilishe?

Kwa sababu uzi wa juu, kabla ya kubaki kwenye nguo, hupita na kurudi katika tundu la sindano mara nyingi sana. Tundu likiwa na kikwaruzo kisichoonekana kwa macho, uzi huchanika nywele nywele, nywele zile hujikunja, na chini unaona mafundo. Sindano ya nyumbani ihesabie saa nane za kushona, kisha ibadilishe. Ncha ukiitaka kuijua, ipitishe taratibu juu ya kitambaa chepesi cha nailoni. Ikivuta hata uzi mmoja, itupe.

Unene una maana yake. Kwa mtandio na shifoni tumia 70/10, kwa leso na poplini ya kanzu 80/12 au 90/14, kwa jinzi 100/16. Fulana na nguo zinazonyumbuka zinataka sindano ya ncha ya mviringo, isiyotoboa uzi wa kitambaa bali kuusogeza kando.

Na uitie upande sahihi. Cherehani nyingi mpya hutaka bapa la shina la sindano litazame nyuma, lakini za zamani nyingi hutungwa kwa ubavu. Kanuni isiyobadilika ni hii: mfereji mrefu wa sindano uko upande ambao uzi unaingilia, na bapa liko upande ndoana inakopita. Isukume juu mpaka igome, ndipo ukaze skrubu.

Chumvi ya hapa kwetu inahusika?

Inahusika sana. Kusi likivuma, hewa ya chumvi huingia mpaka kwenye droo, na pakiti ya sindano iliyofunguliwa huota vidoa vya kutu bila wewe kujua. Sindano yenye kutu hukwaruza uzi. Bamba la sindano lenye kutu kwenye mdomo wa tundu hufanya vivyo hivyo. Pitisha ukucha kuzunguka tundu lile. Ukikwama, sugua polepole kwa msasa laini kabisa, upanguse vizuri. Sindano zangu nazihifadhi katika kichupa kikavu chenye kifuniko, zimechomekwa kwenye kipande cha sufi chenye mafuta kidogo, na cherehani naifunika kwa kitambaa cha pamba. Ukiifunika plastiki, unyevu hubaki ndani. Ukiishi Shela, kwenye mchanga, ifunike hata unapokwenda kula.

Mafuta yawe ya cherehani, yale meupe mepesi. Nimefungua cherehani iliyotiwa mafuta ya nazi. Yalikuwa yamegeuka gundi ya rangi ya asali, vumbi na nyuzi zimenasa humo, na ndoana ilikuwa ikijikokota. Ikishafika hapo, safisha kwa brashi iliyochovywa mafuta ya taa, mbali na moto na madirisha yakiwa wazi, uiache ikauke kabisa, kisha utie mafuta yake halali tone tone. Baada ya hapo shona kitambaa kibovu kwanza, kanzu nyeupe isubiri. Na nyuzinyuzi usizipulize kwa mdomo. Pumzi yako ina maji, na maji ndiyo tunayoyakimbia.

Mtandio na kitambaa cha buibui vinamezwa ndani ya bamba nikianza kushona.

Kitambaa chepesi hakina uzito wa kuikataa sindano, basi husukumwa nayo ndani ya tundu. Anzia kwenye kitambaa kingine: weka kipande cha pamba kilichokunjwa, kishone, na bila kukata uzi ingiza mtandio nyuma yake. Au weka karatasi nyeupe nyembamba chini, ushone vyote pamoja, kisha uichane karatasi. Usitumie gazeti, wino wake huhamia kwenye nguo. Usianzie ukingoni kabisa, na usiuvute mtandio kutoka nyuma, kwa sababu sindano itapinda na kugonga bamba. Meno yanayoisogeza nguo chini ya mguu yaache yafanye kazi yake.

Na pembe za leso, pale upindo unapokutana na upindo?

Hapo mguu huinama kama mashua iliyopanda mwamba, nguo inasimama, sindano inaendelea kutoboa mahali pamoja, na uzi unajaa. Kunja kipande cha kadibodi unene wa ile pembe, ukiweke chini ya mguu kwa nyuma ili ulale sawa. Zungusha gurudumu kwa mkono mpaka uvuke.

Naweza kushona tanga la mashua?

Kwa cherehani ya nyumbani, la. Niliwahi kuombwa na mvuvi, nikajaribu pembe moja kwa kumhurumia, na ndoana ikashindwa kukidaka kitanzi kwa sababu sindano ilikuwa inapindishwa na turubai. Waachie washonao matanga kwa mkono.

Nikitoa mguu ili nidarizi shingo ya kanzu, chini kunakuwa fujo tupu.

Swali hili nalipenda, kwa sababu jibu lake ni dogo na limewaokoa vijana wengi hapa. Umeutoa mguu, basi ukaona hakuna haja ya kushusha ule wenzo wa kuuinulia. Lakini wenzo ndio unaofunga visahani. Wenzo ukiwa juu, uzi wa juu hauna breki, na unarudi kwenye jibu langu la kwanza kabisa. Shusha wenzo kila unapoanza, hata kama hakuna mguu. Meno yashushe, au yafunike kwa bamba lake. Kitambaa kikaze kwenye fremu mpaka ukikigonga kitoe sauti kama ya ngoma, na mikono iende sawa na mwendo wa sindano. Mikono ikikimbia kuliko sindano, uzi hukatika. Ikichelewa, uzi hurundikana.

Basi ile skrubu ya kubana uzi niizungushe lini?

Mwisho. Umetunga upya mguu ukiwa juu, umebadilisha sindano, umesafisha, umejaza bobini upya, na bado: hapo ndipo uiguse. Tia rangi mbili, tuseme nyekundu juu na buluu chini, ushone kwenye kipande cha nguo ile ile. Ukiona nyekundu inachungulia chini, uzi wa juu umelegea, ongeza namba. Ukiona buluu inachungulia juu, wa juu umekazwa mno, punguza. Cherehani nyingi hutulia kwenye namba 4 au jirani zake. Songa nusu namba, jaribu, songa tena.

Skrubu ndogo ya kikasha cha bobini ni jambo jingine. Mwaka wangu wa kwanza niliizungusha bila kujua hesabu, ikanirukia, ikapotea kwenye mkeka, na kazi ya harusi ilisimama siku nne mpaka nikapata kikasha kingine. Tangu hapo nafanya hivi: kikasha chini yake kuna sahani nyeupe, bisibisi ndogo, na robo mzunguko tu kwa mara moja. Ukishika ncha ya uzi, kikasha kining'inie bila kuanguka, na ukikitikisa kidogo kishuke upana wa kidole kimoja au viwili. Kikianguka moja kwa moja kimelegea, kisiposhuka kabisa kimekazwa.

Uzi wa bei rahisi una ubaya gani?

Uvute kwa mikono. Ukikatika kama utandu wa buibui, umechomwa na jua la dirisha la duka au umezeeka. Utazame mbele ya mwanga. Ukiwa na manyoya na vivimbe, kila kivimbe kitagonga tundu la sindano. Juu na chini tumia uzi wa aina moja. Rili kubwa za koni usizichomeke kwenye kijiti cha cherehani, zinakokota. Iweke koni ndani ya kikombe nyuma ya cherehani, uzi upande juu kwanza, kisha uje kwenye njia yake.

Nimefanya yote. Sasa?

Ikiwa sindano mpya inaruka bila kushona, au inagonga chuma huko chini, au kitanzi hakidakwi hata ukizungusha kwa mkono polepole, basi ndoana na sindano hazikutani tena kwa wakati wake. Mara nyingi hutokana na kulazimisha gurudumu siku uzi ulipokwama. Hiyo ni kazi ya fundi wa cherehani. Mpelekee pamoja na kikasha, bobini yako, sindano uliyokuwa ukitumia, na kile kipande cha nguo chenye uzi uliotatizika. Usikifumue. Fundi mzuri hukigeuza kwanza atazame chini, kabla hata hajakiuliza chombo chenyewe.